Vikombe Viwili vya Kuwasha Kompyuta

Jastin Pasipoti, au Baba Felista kwa wanaomheshimu, alikuwa ameshamaliza hotuba. Ameshatangaza kwamba kuanzia leo, hapa kijiweni nje ya stesheneri yake, hakuna atakayesubiri kompyuta tena. Mfumo wote ameuhamisha kutoka diski ya zamani kwenda SSD, diski mpya ya kasi, kila faili, kila mtihani, kwa waya mmoja na subira ya saa moja na nusu. Akabonyeza kitufe kwa kidole cha mtu aliyefika Maskati, Lubumbashi na Guangzhou. Skrini ikabaki nyeusi. Kisha kikatokea kile kiduara, kikazunguka, kikazunguka. Salum muuza kahawa akamimina kikombe cha kwanza bila kuagizwa, maana hapa laptopu ya Jastin hupimwa kwa vikombe: siku njema huwaka kwa viwili, siku ya mvua vitatu na kashata juu.

Mwalimu Margareth alikaa mwisho wa benchi, flashi mkononi. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa unaanza saa nne, na sasa ilikuwa saa tatu kasoro robo. Alikwishasema, kwa ule upole wake unaouma, kwamba leo akicheleweshwa, shule itahamishia kazi zake duka la stendi. Bila shule ile, Jastin angebaki kuuza bahasha.

— Pasipoti, hiyo ndiyo SSD? — aliuliza Riziki wa bodaboda. — Au umeweka betri ya redio?

— Tulia wewe. Inazoea mazingira.

— Ni ukungu, — alidakia Salum. — Unashuka kutoka Uluguru asubuhi, unaingia kwenye matundu ya feni. Mashine inavuta maji badala ya umeme.

— Ukungu gani na jua lote hili? — alisema Riziki. — Humo kuna maswali ya hesabu mangapi? Kabla haijafunguka inayajibu yote kwanza. Inaogopa kufeli!

— Nyote hamjui ukoo wake, — alisema Jastin, jasho likimtoka. — Niliinunua mnadani, imetoka ofisi ya umma. Miaka sita imezoea kuripoti saa nne, inatundika koti kitini, halafu huyo, chai!

Benchi zima lilicheka. Mwalimu Margareth akatazama saa.

Kishor, fundi redio wa mlango wa pili, alikuwa amesogea karibu. Akainama, akatega sikio juu ya kibodi kama daktari.

— Jastin bhai, SSD ina kitu kinachozunguka ndani?

— Haina. Ndiyo uzuri wake. Haitoi hata mlio.

— Sasa huyu anayesaga mahindi humu ni nani?

Krrr. Krrr. Kila mtu akasikia. Mkono wa Jastin ukapanda taratibu hadi mfuko wa shati, na masikio yakamwaka moto. Diski mpya ilikuwa humo, imetulia pamoja na bisibisi. Alikuwa ameichomoa ile ya zamani, akaipangusa vumbi kwa heshima zote, kisha akairudisha ile ile.

— Umezunguka dunia nzima, — alisema Riziki, kahawa ikimpalia, — umepotea mfukoni mwako!

Jastin akachomoa bisibisi mfukoni. Akazima, akafungua skrubu sita, akabadilisha huku Kishor akimulika kwa simu. Akafunga. Akabonyeza.

Salum akainua birika. Kahawa haijafika nusu ya kikombe, skrini ikawaka! Mafaili yote yalikuwa mahali pake, wala hapakuwa na mlio wowote. Riziki akaikimbilia pikipiki yake akapiga honi mfululizo. Kishor akapiga makofi. Jastin akasimama juu ya benchi, mikono juu, kama aliyefunga goli la dakika ya tisini.

— Hata sijamaliza kumimina! — alilalamika Salum. — Mtaniua njaa!

Mwalimu Margareth akatabasamu kwa mara ya kwanza, akampa Jastin flashi.

— Kwa hiyo kazi yenyewe ni saa moja na nusu?

— Saa moja na nusu, mwalimu. Na skrubu sita!

— Na mimi nimesubiri hapa miaka mitatu. Mlikuwa mnangoja nini?

Riziki akaanza kukagua tairi. Kishor akakumbuka kuna redio ya mtu. Salum akachungulia ndani ya birika kana kwamba jibu limezama humo. Jastin, ushindi ukiwa bado umemjaa hadi kwenye kola, akashuka kwenye benchi na kusafisha koo.

— Unajua, mwalimu, nilipokuwa Guangzhou…

— Baba Felista, printi mtihani.