Diwani wa Mkaratusi

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate, pale Sunshine, magharibi ya Melbourne, na linatazamana na Bustani ya Kinnane ng'ambo ya barabara. Tunakunywa kahawa hapo kila Jumanne baada ya misa ya asubuhi. Yaani misa ni yangu, kahawa ni ya wote. Jumanne hii ninayoisimulia ilikuwa ya Septemba. Jua lilikuwa limeanza kupasha mgongo, lakini upepo wa kusini ulikuwa bado una meno. Katikati ya bustani umesimama mkaratusi mkubwa, na juu ya mkaratusi magpai alikuwa na kiota chake. Benchini tulikuwa watu wanne, na watatu kati yetu walikuwa wamevaa ndoo tupu za aiskrimu kichwani.

Hawakuwa wendawazimu. Magpai ni ndege mweusi mwenye mabaka meupe, na majira ya machipuko akiwa na makinda hushuka kutoka nyuma na kukugonga kisogoni. Hampigi mtu anayemtazama. Kwa hiyo watu huchukua ndoo ya aiskrimu, wakaichora macho mawili makubwa, wakaivaa macho yakiangalia nyuma. Mtoto wa hapa anajua jambo hilo kabla hajajua kusoma. Ila kwa kawaida ndoo huvaliwa ndani ya bustani. Wenzangu walikuwa wamezivaa ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli wa duka.

Ndege wetu tulimwita Diwani, kwa sababu huonekana msimu mmoja tu, hupiga kelele, huumiza watu, kisha hapatikani mpaka msimu mwingine.

Jumamosi ilikuwa Siku ya Vikapu, ambapo familia za mtaa huja bustanini na mablanketi, soseji huchomwa na vitunguu, mbwa hushindanishwa kwa uzuri na watoto hukimbia na yai kwenye kijiko. Mwaka huu kamati ilitaka kuihamishia kwenye paa la maegesho ya magari ya duka kubwa, kwa kumwogopa Diwani. Noreen, mwenyekiti, alikuwa ameahidi kumpigia simu mchapishaji wa mabango kabla ya saa sita. Uamuzi ulikuwa wa benchi, maana wajumbe wengine wa kamati hawaji mikutanoni.

Mimi nilikuja na ombi, na nilikuwa sijalitoa. Doris wangu alifariki mwezi wa Mei, Mungu amrehemu. Kila mwaka meza yake ilikaa chini ya mkaratusi ule, na juu yake pastizi, zile sambusa zetu za Kimalta za jibini. Binti yetu Rita aliniambia kwenye simu, "Baba, nitakuja na watoto kutoka Geelong, nitapika mimi. Wewe kaa tu mahali pa Mama." Nilimjibu kwamba nitajaribu. Tangu mazishi nilikuwa sijavuka barabara ile. Katika rozari nilimwomba Mungu kitu kimoja: wasiihamishe meza. Mahali pale pale nilidhani ningeweza kukaa. Mahali pengine nilijua nisingeweza.

— Haya, wazee wangu, alisema Noreen akigonga kikombe kwa kijiko. Bustani au paa? Tuamue kahawa ikiwa bado ya moto.

— Paa, mama, alisema Mfupi. Paa bila mjadala. Mimi siwezi kupeleka watoto wa watu wakatobolewe macho.

Mfupi jina lake ni Darryl, na ndiye mtu mrefu kuliko wote Sunshine. Hapa ndivyo watu wanavyopewa majina.

— Wewe una mtoto gani? aliuliza Profesa. Wewe una mbwa.

— Mbwa hana macho?

Profesa ni Thanasi, Mgiriki, dereva wa teksi mstaafu. Uprofesa aliupata kwa kusoma magazeti yaliyosahauliwa na abiria kwenye kiti cha nyuma.

— Kwanza mjue yule ndege ana nini, aliendelea Mfupi. Angalieni rangi. Nyeusi na nyeupe. Hizo si rangi za timu ile ya mpira? Timu ikifungwa, yeye anamalizia hasira kwetu.

— Acha zako, bwana. Timu imefungwa Jumamosi iliyopita. Diwani anatupiga miaka nenda, miaka rudi.

— Na timu inafungwa miaka nenda, miaka rudi! Unaona sasa?

Profesa alitikisa kichwa polepole, kwa sababu ndoo yake ilikuwa kubwa.

— Kaka, wewe unaangalia manyoya. Mimi naangalia ardhi. Jiulize nani anafaidika. Watu wakiiogopa bustani, bustani inakuwa tupu. Ikiwa tupu, watasema haina kazi. Ikikosa kazi, kesho unaamka unakuta ghorofa. Yule ndege amefundishwa.

— Amefundishwa na nani?

— Kuna chuo.

— Chuo cha ndege?

— Canberra, kwenye serikali kuu. Msicheke. Niliwahi kumbeba abiria wa Canberra, mtu wa suti. Alivyoshuka, kiti kizima manyoya!

— Si alikuwa na mto?

— Mtu wa suti aende na mto wapi? Wewe naye!

Noreen alinyoosha mkono kama mwalimu.

— Mmemaliza? Sasa msikilizeni mtu aliyefanya uchunguzi. Mimi nimewafuatilia wote waliowahi kupigwa. Postamani alipigwa. Mama wa saluni alipigwa. Yule kijana wa baiskeli, akaangukia kwenye bata wa bwawani. Wote hao wana kitu kimoja: hakuna hata mmoja aliyehudhuria mkutano mkuu wa kamati.

— Lakini mama, alisema Mfupi kwa upole, kwenye mkutano mkuu ulikuwa peke yako.

— Na mimi sijapigwa.

Walikunywa kahawa. Ng'ambo ya barabara bustani ilikuwa imetulia, nyasi ndefu, maua ya njano yameenea hadi kwenye bembea. Hapakuwa na mtu. Nikaona ni wakati wangu.

— Noreen, nilisema, huko kwenye paa kivuli kitatoka wapi?

— Ghorofa ya chini yake, Karmenu. Kuna nguzo nzuri sana.

— Na mashindano ya mbwa?

— Mbele ya lifti. Kila mbwa atatokea mlango ukifunguka, kama msanii.

— Na mbio za mayai?

— Zitafuata mishale ya magari. Ni salama zaidi, maana hata mtoto mdogo hawezi kupotea.

— Na majira yenyewe ya machipuko? Watu watayaonaje kule juu?

— Tutakodi miti ya plastiki, alisema Noreen. Haina wadudu. Tena haina viota.

Mimi si mtu wa maneno ya haraka, na tangu Mei yamepungua zaidi.

— Nilikuwa nataka kuuliza juu ya meza ya Doris.

Mfupi alipolisikia jina hilo alivua ndoo yake, akaishika kifuani, akautazama mkaratusi. Alikuwa anapenda pastizi, na alimpenda Doris pia. Kisha alikumbuka hatari, akaivaa haraka, macho yale ya kuchorwa yakawa yanatazama mbele. Nilitaka kumwambia, lakini Noreen alishanishika mkono.

— Karmenu, ndugu yangu, meza ya Doris sijaisahau. Itakaa mahali pa heshima. Pembeni ya mashine ya tiketi, kila mtu atapita hapo.

— Pale chini ya mti ndipo alipopazoea.

— Najua. Lakini watu watapigwa.

— Yeye hakupigwa hata mara moja. Wala hakuvaa ndoo.

— Doris alikuwa na kinga, alisema Profesa. Kuna watu wanazaliwa nayo. Ni damu. Ndege anainusa.

— Alikuwa na adabu, nilisema. Alikuwa akimsalimu.

— Anamsalimu ndege?

— Kwa Kimalta.

— Ahaa! Profesa alisimama. Lugha ya kigeni! Hiyo Canberra hawakumfundisha. Ndege anachanganyikiwa, anaahirisha shambulio. Mnaona? Kila kitu kinajipanga!

— Keti, Thanasi, alisema Noreen. Tunapiga kura. Wanaotaka paa?

Mikono miwili ilikuwa imeshaanza kupanda, wa tatu ukisubiri kwa kunionea haya, pale tulipomwona mwanamke anatoka bustanini. Alikuwa anasukuma kigari cha mtoto, taratibu, kichwa wazi, mtandio wake umelala mabegani. Alikuwa Harpreet, jirani mpya, aliyehamia nyumba ya pembeni ya duka la dobi. Alipita chini ya mkaratusi kabisa, akaja kwenye kivuko.

— Kichwa! alipiga kelele Mfupi akiinuka. Dada! Funika kichwa!

— Funika! Funika haraka! alisaidia Profesa.

Yule mama alishtuka, akavuta mtandio kichwani, akavuka barabara ameinamisha uso kwa heshima.

— Nisameheni wazee wangu, alisema alipotufikia, akiangalia zile ndoo moja baada ya nyingine. Sikujua kwamba mko kwenye ibada.

— Ibada gani, dada? Ni ndege!

Wakamweleza wote kwa pamoja. Mfupi alimweleza habari za timu, Profesa za chuo, Noreen za mkutano mkuu, na katikati ya maelezo Noreen alimwandikisha kwenye kamati. Harpreet alisikiliza vizuri, huku akikitikisa kigari kwa mguu ili mtoto asiamke. Hakucheka. Walipochoka, aliuliza jambo dogo.

— Poleni sana. Na mwaka huu amempiga nani?

Noreen alishusha kikombe.

— Mwaka huu? alisema Noreen.

— Ndiyo, mama. Machipuko haya.

— Si yule kijana wa baiskeli, alisema Mfupi.

— Yule ni mwaka juzi, alisema Profesa. Siku hizi anaishi Perth.

— Postamani, basi.

— Postamani alipigwa mwaka jana. Sasa anapita barabara ya nyuma.

— Mama wa saluni?

— Mama wa saluni haingii tena bustanini.

— Na wewe, Thanasi?

— Mimi niingie nikafanye nini, na ndege yumo?

Wakatazamana, ndoo kwa ndoo. Nilijiuliza na mimi. Tangu Agosti tulikuwa tunakaa hapo kila Jumanne tukiilinda mitaa yote ya Sunshine, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekanyaga nyasi zile.

— Mimi napita kila asubuhi, alisema Harpreet. Huyu halali mpaka apite chini ya miti. Basi, wazee, siku njema.

Akaingia dukani kununua mkate.

— Mmemwona? Profesa alinong'ona. Hicho kigari. Yaangalieni magurudumu. Magurudumu ya namna ile hutayakuta dukani, ni ya serikali.

Simu ya Noreen ikaanza kulia. Alikuwa mchapishaji.

— Nimwambie nini? alituuliza. Jamani, nimwambie nini?

Nikaweka kikombe changu chini.

— Mwambie asubiri kidogo. Ngoja nivuke.

— Karmenu, ndoo! alisema Mfupi. Chukua japo ya Thanasi!

— Yangu? alisema Profesa, akaishika kwa mikono miwili.

Nilifanya ishara ya msalaba nikavuka. Nyuma nilisikia viatu vikubwa vya Mfupi. Alikuwa anaogopa, lakini hakutaka niende peke yangu, na Mungu atamlipa kwa hilo.

Nyasi zilikuwa bado na umande. Chini ya mkaratusi pale pa meza pamebaki wazi, miguu ya watu wa miaka yote imepafanya pagumu, nyasi hazioti. Nikasimama hapo.

Diwani alishuka. Hakuja kutoka nyuma. Alitua mbele yangu, akaja kwa miguu, ule mwendo wao wa mzee aliyefunga mikono mgongoni. Akasimama, akanitazama kwa jicho moja. Kisha akatazama kushoto kwangu, upande aliokuwa akitembea Doris. Hakuona mtu. Akatazama tena.

Nikamsalimu kwa Kimalta, kama alivyokuwa akisalimiwa.

— Hayupo, nikamwambia. Jumamosi atakuja Rita.

Alikaa kidogo, kama mtu anayepokea habari. Halafu akainua kichwa, akatazama nyuma yangu, na pale alimkuta Mfupi anageuka kuangalia barabara, kisogo cheupe cha ndoo hakina hata jicho moja. Diwani aliruka. Ule mgongo wa ndoo ulilia ko! mpaka benchini walisikia. Mfupi alikimbia akizunguka bembea, mikono juu, ndoo imemshuka mpaka puani, yale macho ya kuchorwa yakiangalia mbele yeye asikokuona.

— Mfupi! alipiga kelele Profesa kwa furaha. Mwaka huu ni Mfupi! Mwiteni yule dada, tunaye!

Mimi nikakaa chini, mahali pa Doris, juu ya ule udongo mgumu. Niliweza. Diwani alirudi kwenye tawi lake akaimba, na kutoka ng'ambo ya barabara nikaisikia sauti ya Noreen kwenye simu, maana sauti yake husikika mpaka stesheni.

— Bustani! Ndiyo, andika bustani, chini ya mkaratusi pale pale. Hapana, hakuna hatari yoyote. Amepigwa mmoja tu, na huyo hakuhudhuria mkutano mkuu.