Wanyama Tuliowalaza Chini ya Sakafu

Sogeeni kitandani, wanangu wawili, na wewe mkubwa iache hiyo simu, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na haya ninayotaka kuyasema sina pumzi ya kuyarudia. Nimemwomba Mwenyezi Mungu anipe mchana huu mmoja akili yangu ikiwa imetulia, naye amenipa, ingawa sikustahili.

Nyumba hii ni yenu nyote wawili, sawa kwa sawa, wala asitokee mtu wa kusema mwanamume ana zaidi. Sanduku la spana achukue kaka mtu, limfae kwenye lori lake. Kile kiti cha mama yenu, alichokalia kwenye kibanda cha tiketi, achukue binti yangu mshonaji. Miaka yote ya Uwanja wa Bembea mama yenu alikuwa ndani ya kibanda kile akitoa tiketi kupitia kitundu, na mimi niliujua mkono wake mwezi mzima kabla sijauona uso. Nikamwambia mkono huu umenitosha, akanijibu basi oa mkono.

Mlikuwa wadogo uwanja ulipofungwa, lakini najua mnakumbuka. Mnakumbuka gurudumu kubwa lilivyokuwa likikupeleka juu mpaka unaona paa la kwenu, na harufu ya bisi, na kile kipaza sauti kibovu, na vioo vilivyomfanya mwenye kitambi awe kama fimbo. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mfagia barabara walikaa juu ya farasi mmoja, wakishikana viuno. Mimi na mwenzangu, yule mliyekuwa mkimwita Baba Grisi, ndio tulioliendesha bembea la kuzunguka, lenye wanyama kumi na sita wa mbao. Leo pale pana maduka na nyumba za kupanga, na ukimwambia mtu kwamba hapo palikuwa na twiga anayepanda na kushuka, anakutazama kama umechanganyikiwa.

Naona nami ninazunguka tu. Nimeanza na nyumba na kiti kwa sababu naogopa. Naogopa kufa, sitawaficha, usiku silali, lakini zaidi naogopa nife na hili bado limo kifuani. Basi sikilizeni, na mtakaponihukumu mnihukumu baadaye.

Chini ya bembea letu palikuwa na shimo la mashine, refu kuliko watu wawili, limejengwa kuta za mawe. Kila msimu wa mvua, uwanja ulipofungwa, tulifungua wanyama, tukawapaka grisi, tukawaviringisha kwenye turubai, tukawashusha kwa kamba na kuwapanga humo chini ubavu kwa ubavu. Kazi hiyo tuliiita kulaza wanyama. Baba Grisi alikuwa anawaaga mmoja mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, anamwambia tembo lala salama. Mvua ikiisha tunawaamsha, na watoto wanarudi.

Uwanja ulipouzwa tukaambiwa wanyama wapasuliwe kuni na shimo lijazwe mawe, yashindiliwe mpaka juu. Sisi hatukuweza. Tulikaa pale chini mchana kutwa na shoka mikononi kama wendawazimu. Mwisho nikasema, na mimi ndiye niliyesema, msimsingizie marehemu: tuwalaze kama kawaida. Niliamini watu watachoka na maduka, watataka bembea lao, nasi tutawaamsha. Tukawashusha, tukalaza vyuma vya reli ya kile kitreni cha watoto juu ya mdomo wa shimo, tukapanga mbao na mabati, tukafukia kwa udongo wa kufika magotini. Msimamizi wa ujenzi alipokuja alipiga teke moja kwa buti lake, akaniuliza, “Mawe mmejaza?” Nikamwambia, “Mpaka juu.” Akanipa karatasi, nikatia sahihi.

Walipoanza kuinua kuta Baba Grisi alinijia, akataka twende tukaseme. Nikamwambia anyamaze, tutafungwa, watoto watakula nini. Hatukusemezana tena mpaka alipokufa. Nyinyi mlidhani tuligombania spana. Siku ya kumzika nilisimama ng'ambo ya barabara, sikuwa na uso wa kumpa pole mkewe. Nendeni kwake mkamwombe radhi kwa niaba yangu, mwambieni mumewe alikuwa mkweli, mwoga nilikuwa mimi.

Sasa wewe, mama, binti yangu, usiinamishe kichwa, nitazame. Mwaka ule ulipokuja na furaha yako kuniambia umepata chumba cha chini kwenye zile nyumba za kupanga, upande wa nyuma, karibu na soko, nilichukua fimbo yangu nikatoka. Nilikwenda kukiona, nikakijua kwa ile nguzo ya taa ya uwanja iliyoachwa pembeni. Chumba chako ndicho kimekaa juu ya shimo. Nikakwambia kina joto, nikakwambia majirani hawafai, ukanijibu, “Baba, sema tu hutaki nitoke kwako.” Nikakuacha uhamie. Ndiyo maana kila nikija nakaa mlangoni, mnanicheka kwamba nimekaa kama mdai kodi. Ndiyo maana nagonga sakafu kwa fimbo, na wajukuu wakirukaruka nawafokea, mpaka wameniita Babu Msiruke. Nilikuwa naisikiliza, mama. Mwaka hadi mwaka mlio wake unazidi kuwa kama wa debe tupu.

Na juzi ulipokuja ukasema cherehani yako imeota miguu, ukiiweka ukutani asubuhi unaikuta jioni imesogea katikati, ukaitilia karatasi chini ya gurudumu na kucheka. Ukasema pia sakafu imepasuka chini ya mkeka, na ufa unatoa harufu kama ya gereji ambayo sabuni haiiondoi. Hiyo ni grisi yetu. Mbao zimeoza, vyuma vimeliwa na kutu, na hii ni siku ya tatu mvua haijakatika.

Kwa hiyo leo hurudi kulala kule, wewe na wanao, mtakaa hapa, chumba changu kitakuwa wazi karibuni. Waite waingie, wasicheze uani kwenye mvua, niwawekee mkono kichwani.

Unasema nini?

Si wako? Ni wa jirani? Wako wako wapi? Sema kwa sauti, mama. Wana mafua, umewaacha nyumbani, wamelala mkekani.

Ee Mungu wangu. Na mimi nimekaa hapa ninagawa viti.

Inukeni. Wewe, lori liko nje, washa. Ukifika, mwanangu, usiingie kwa kukimbia, pita kwa kuambaa ukuta, sakafu ni ngumu pembeni. Ushike mkeka kwa ncha, uwavute nao mpaka mlangoni, usiwaamshe waanze kurukaruka. Dada yako abaki nje, mzuie, hata akikulaani mzuie. Cherehani iacheni. Gongeni milango yote, ya juu na ya chini, watu watoke na nguo walizovaa, wakiwaita waongo vumilieni. Kisha nendeni ofisi ya mji mkaseme jina langu lote, karatasi wanayo, sahihi ni yangu, sikulazimishwa.

Usinishike mkono, mama. Nimekusikia, umenisamehe au hujanisamehe, utaniambia ukirudi. Hapana, msiniitie mtu wa kukaa nami. Mkinikuta nimekwisha mnizike bila maneno mengi, msiseme nilikuwa mtu mwema.

Nawabariki. Nawabariki hivyohivyo mkiwa mnatoka, sina nafasi ya kuwapigisha magoti. Mwenyezi Mungu awatangulie njiani, aishike ile sakafu kwa mkono wake kwa muda huu mdogo tu, anidai mimi, asiwadai watoto...

Mlango uacheni wazi. Nataka kusikia gari... likiondoka.

Nendeni. Mimi nitaendelea kumwomba... mpaka mfike.