Mama Mwandiko na Watoto Wanaoiandikia Mashine

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi, nanyi wanafunzi mliokaa sakafuni mbele kabisa, karibu kuliko sisi sote:

Ijumaa hii, saa kumi na moja jioni, Mama Mwandiko atafunga daftari lake la mahudhurio kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne ya kazi katika shule hii. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye faili ofisini. Hili la Mama Mwandiko alipewa na watoto, kwa kuwa haijawahi kutokea herufi ikalala nje ya mstari, ikapita machoni pake bila kuinuliwa. Tunafurahi naye. Lakini muhula huu wote tumekuwa tukiulizana koridoni swali moja: akiondoka, kile kipindi chake cha kuiandikia mashine kitabaki na nani?

Miaka ishirini na miwili ya mwanzo alifundisha kusoma na kuandika, basi. Kisha shule ikapokea kompyuta sita zilizokwisha kutumika mahali pengine, moja ikiwa haina kifuniko cha nyuma. Tulidhani zitakwenda kwa mwalimu wa hesabu. Yeye ndiye aliyeziomba. Mwalimu Mkuu wa wakati huo alipomuuliza mwalimu wa herufi anazitakia nini, jibu lake lilikuwa fupi: "Mtoto anayesoma bila kuandika tunasema bado hajajua. Hizi tunawafundisha kuzitazama tu. Nataka waziandikie."

Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuigusa hata moja. Likizo nzima alifundishwa na binti yake, aliyekuwa kidato cha tatu, na binti huyo anasimulia hadi leo kwamba hajaona mwanafunzi mbishi kama mama yake: hakubali kuandika alama yoyote mpaka aelezwe imeajiriwa kufanya nini.

Muhula wa kwanza hakuna kompyuta iliyowashwa. Watoto wa darasa la pili waliandika amri kwenye madaftari, naye Mama Mwandiko ndiye akawa mashine, akitii neno kwa neno. Siku moja mkaguzi wa shule alifungua mlango akamkuta mwalimu amesimama kimya, pua imegusa ukuta, darasa zima likimtazama. Mkaguzi akauliza kwa upole kama mwalimu anaumwa. Binti mmoja akasimama kwa adabu: "Haumwi, mwalimu. Tulimwambia atembee, tukasahau kumwambia aishie wapi." Mkaguzi alikuja kwa robo saa, alikaa vipindi viwili, na kabla ya kuondoka akaomba aandike amri moja naye.

Kazi ilipohamia kwenye mashine, kanuni ilibaki ileile. Programu huandikwa kwanza daftarini, na haiingii kwenye kompyuta mpaka mwenzako ameisoma kwa sauti na kusema itafanya nini. Kalamu nyekundu ya Mama Mwandiko hupita humo kama inavyopita kwenye insha, na isiyosomeka hurudi kwa mwenyewe.

Ndivyo darasa la tano lilivyokuja kuandika programu ya kuipiga kengele yetu ya umeme. Wiki nzima ikalia kwa dakika zake, tukajigamba mbele za watu. Jumamosi ikalia tena, ratiba yote, huku mlinzi akizunguka shule tupu kumtafuta anayemtania. Jumatatu fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza kama siku hizi tunafundisha hadi wikendi. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameshavuta kiti, arekebishe kwa dakika mbili. Mama Mwandiko akamwondoa hapo. "Inuka, mwalimu wangu. Aliyeandika ndiye anayesahihisha." Watoto wakasoma mstari kwa mstari, wakagundua kwamba hakuna walipotaja siku. Mashine ilikuwa imetii. Wao ndio waliosahau kwamba kuna Jumamosi. Walipokwenda kumwomba radhi fundi, aliwaomba wamwachie kengele ya saa nne ya Jumamosi, maana imemzoesha kunywa chai kwa wakati. Wakamwandikia. Inalia mpaka leo.

Katika safu ya tatu ameketi bibi mmoja ambaye hakuja kwa mara ya kwanza akiwa na furaha. Mjukuu wake alikuwa darasa la nne na hawezi kumsomea barua ya shule, nasi, alisema, tunamfundisha mashine. Mama Mwandiko hakujitetea. Alimvutia bibi kiti karibu na mtoto. Mtoto alikuwa ameandika mistari kumi na mmoja ya kuchora nyumba, akaisoma yote kwa kidole, kwa kuwa kila neno lilikuwa lake na aliijua kazi yake. Akilifuta moja, nyumba inapoteza mlango. Bibi akataka madirisha mawili. Wiki iliyofuata alirudi kutaka kibaraza. Mwisho wa muhula alisomewa barua ya shule jikoni kwake, hadi sahihi ya Mwalimu Mkuu.

Kwa hiyo lilipoletwa pendekezo kwamba Mama Mwandiko akistaafu, kipindi hiki kitoke kwenye ratiba, kiwe chama cha jioni cha wanafunzi wanane wanaoongoza kwa hesabu, ni bibi huyu aliyesimama mbele ya Kamati. "Wanane hao wangejua hata bila ninyi," alisema. "Mjukuu wangu angekuwa wa ngapi?"

Hata sisi tuliounga mkono pendekezo lile tukaomba lijadiliwe upya.

Mama Mwandiko, mwenzetu, mwalimu wetu: tunakushukuru kwa kila mstari uliouinua. Uwe na asubuhi za kuamka utakapo, afya isiyokusumbua, na wajukuu wabishi kama wewe.

Wageni waheshimiwa, Kamati imeamua. Kipindi kinabaki ndani ya kusoma na kuandika, kwa kila mtoto, na kuanzia muhula ujao kitafundishwa na kila mwalimu wa darasa. Mama Mwandiko ana siku tano nasi, na amekubali kuzitumia kutufundisha. Wazazi, wiki hii watoto watatoka saa nane, mtusaidie kuwapokea mapema. Walimu, sote kumi na wanane, majina yamebandikwa mlangoni pa chumba cha nne, kila mmoja na dawati lake. Madawati ni ya darasa la pili, na tutaenea hivyo hivyo. Somo la kwanza ni leo, dakika kumi kutoka sasa. Naomba tuinuke.