Sakafu ya Aderito

Kijiwe chao ni paa. Chini ya paa hilo kuna sebule, kuna kabati la harusi na pipa la divai la lita mia mbili, vyote vimefukiwa tangu mlima ulipotapika moto mwaka juzi ukakimeza kijiji chao chote cha Chã. Kilichobaki juu ya lava ni ukingo wa zege, kimo cha benchi, na hapo ndipo wanaume wa kijiji, kisiwani Fogo, wanapokaa kila asubuhi. Birika la kahawa wanalichomeka kwenye ufa wa lava iliyo moto bado, hatua tano pembeni, na halipoi mpaka jua liwe utosini. Nyumba iliyo chini ya makalio yao ilikuwa ya Aderito, fundi mwashi waliyempa jina la Nyundo kwa sababu ya kazi yake, na zaidi kwa sababu ya hasira zake.

Siku hiyo Nyundo alikuwa hanywi kahawa. Mkewe, Isaura, alikuwa anapanda kutoka São Filipe, mji wa pwani alikokimbilia siku ya moto, kuja kuiona nyumba mpya aliyojengewa jirani na hapo, juu ya lava hiyohiyo. Na alishasema kwenye simu: nikikuta sakafu ina joto, begi langu lisishuke garini. Aderito, mtu aliyewahi kuubomoa ukuta wa mteja kwa sababu ulipinda upana wa kidole kimoja tu, na mteja mwenyewe hakuona, alimjibu: baridi kabisa, mke wangu.

Sakafu ilikuwa na joto. Paka wa kijiji kizima walikuwa wamehamia humo.

— Imwagie maji, — alisema Belmiro, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimiki.

— Maji? Tunakunywa mvua ya mwaka jana, wewe unataka nikauoshe mlima miguu?

— Basi mwambie ni jua, — alisema Nho Quirino; nho kwao ni bwana, nha ni bibi. Huyu ndiye Profesa; aliwahi kuwabebea wataalamu wa volkano mizigo yao siku tatu, tangu hapo anajua kila kitu. — Jua la hapa linaingia ndani saa sita, likifika sakafuni halipati njia ya kutokea.

— Na usiku, Nho Quirino?

— Usiku ni jua la mchana.

— Na alfajiri, kabla sijafungua dirisha?

— La juzi. Linachelewa kuondoka, bwana, kama wageni wa harusi.

Redio akacheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali.

— Acha zako, Profesa! Sababu mimi ninayo. Kompadre Aderito, pipa lako si lilibaki humu chini?

— Lilibaki.

— Lita mia mbili! Lava imekunywa yote. Sasa mlevi ulimwona wapi akawa wa baridi? Imelewa, imelala. Siku pombe ikiitoka, itapoa yenyewe.

— Hapo una hoja, — Profesa alikubali, akatazama mwamba mweusi ulivyojikunjakunja mpaka kwenye mizabibu. — Hata ilivyokuja, ilikuja inayumba.

— Kwa hiyo nimwambie Isaura analalia mlevi?

— Ana uzoefu, — alisema Redio.

Siku nyingine Aderito angemrushia kikombe. Leo alisugua tu viganja magotini. Miaka miwili alikuwa amelala peke yake, kwanza kwenye hema, kisha kwenye nyumba yenye harufu ya saruji, akijiambia kila tofali ni la Isaura.

— Angalau mlima hatauona, — alisema. — Madirisha manne, na yote nimeyaelekeza kwenye genge la mwamba na mizabibu. Upande wa mlima ni ukuta mtupu.

— Hapo umefanya kazi ya mtu mzima, — Profesa akamsifu.

Pikapu ikatokea kwenye kona, na vumbi nyuma yake. Isaura akashuka. Begi likabaki garini. Redio akawahi kama mwenye nyumba.

— Nha Isaura, karibu! Sasa ukisikia kajoto kwenye nyayo, hilo ni jua la juzi…

— Nyamaza! — Aderito alipaza sauti, paka wawili wakatoka mbio mlangoni. — Nyamazeni wote! Isaura, sakafu ina joto. Ina joto tangu siku nilipomwaga zege. Nilikudanganya.

Isaura alifunga mlango wa pikapu.

— Najua.

— Unajua?

— Mimi nimezaliwa Chã, Aderito. Kaka zangu wamejenga juu ya lava hiihii, wake zao wanaumulia mkate sakafuni. Nilitaka kuona uongo huo utaubeba mpaka wapi.

Akavua viatu, akaingia. Walimsikia akitembea peku chumba hadi chumba, bila haraka. Redio alitaka kusema neno, Profesa akamfinya. Isaura akarudi, akasimama kizingitini.

— Pazuri. Miguu yangu imefurahi. Ila nijibuni kitu kimoja. Mlima ukianza tena kufuka, nami nipo jikoni, nitauona kupitia wapi?

Profesa akachungulia kikombe chake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, akazima.

— Siku ile, — Isaura alisema, — tulipona kwa sababu nilikuwa naosha sahani dirishani.

Aderito aliingia ndani, akatoka na nyundo kubwa, akazunguka upande wa mlima, akaupiga ukuta kofi.

— Hapa?

— Shusha kidogo. Mimi si mrefu kama wewe.

Pigo la kwanza likadondosha tofali zima. Isaura akachomoa birika kwenye ufa, akajimiminia kahawa ya mwisho, akakaa juu ya paa la nyumba yake ya zamani.

— Na wewe Redio, unakodoa nini? Kashushe begi.