Ben Muriithi Mugo, Aliyeitwa "Haiuzwi"

Marehemu Ben Muriithi alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 huko Mukurweini, kifungua mimba wa marehemu Mzee Mugo na Mama Wakiuru. Mama husema alizaliwa akiongea, nasi hatuna ushahidi wa kumpinga.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini hadi mwaka 1997, kisha sekondari ya kutwa, akamaliza 2001. Hakuwahi kuongoza darasa, lakini kila mgeni aliyefika shuleni, Ben ndiye aliyetumwa kumtembeza.

Alipima maziwa katika kituo cha ushirika kwa miaka kumi. Mwaka 2013 aliacha mizani, akahamia Gatitu kuwa wakala wa ploti na nyumba. Wateja hawakuwepo hata wa dawa. Aligawa kadi kanisani, sokoni na kwa watu wa boda boda, nao wakazitumia kuwashia jiko. Broker, walisema, atakuuzia hata barabara. Aliyemuumiza zaidi ni Mzee Mathenge wa Naro Moru, ambaye hata hakuwa amemwona, lakini alikuwa amemwambia binti yake Watiri: "Mimi siwezi peana msichana wangu kwa broker." Ben alimpenda Watiri sana. Alihitaji mteja mmoja tu wa kweli, ili apate uso wa kwenda kwa mzee.

Januari 2014 Bwana Zubair, mfanyabiashara wa mjini, alimpa ploti yake ya Gatitu aiuze. Ben akamwita Moffat, mchora mabango. Mnajua huku kwetu ploti nyingi huwekwa onyo kwamba haziuzwi, dhidi ya matapeli wanaouza mali ya wengine, na Moffat alikuwa amechora maonyo hayo wiki nzima. Mkono ukafuata mazoea: PLOTI HII HAIUZWI, na chini yake namba ya simu ya Ben, kubwa kabisa. Ben alipoliona bango alikaa chini kwenye nyasi. Rangi ya kusahihisha ilikuwa imeisha.

Kesho yake simu haikunyamaza. Ploti inayouzwa, watu walijiambia, huenda ina kesi. Isiyouzwa ina mwenyewe. Mmoja wa wapigaji akaja na fimbo yake mpaka kwenye ploti.

"Mimi ni Mathenge, natoka Naro Moru. Kijana, hii ploti iko na nini ndiyo ikatae kuuzwa?"

Ben akalitazama bango. "Inauzwa, mzee. Ni mwenye kuandika alikosea."

"Na wewe ni nani?"

Angeweza kutaja jina lolote. "Ni mimi Ben, mzee. Ule broker wa Watiri."

Mzee Mathenge alicheka hadi akashika nguzo ya ua. "Ati ni wewe! Broker mwenye hajui kudanganya, si utalala njaa? Haya, leta hati tuone."

Aliinunua ploti. Agosti akapokea mbuzi wa ruracio, yaani mahari, na tarehe 6 Desemba 2014 Ben na Watiri wakafunga ndoa kanisani. Mungu aliwajalia watoto, Wakiuru na Mugo, waliopewa majina ya wazazi wa Ben. Jina "Haiuzwi" likashika kutoka Karatina hadi Nanyuki, naye akaliweka kwenye kadi zake. Hizo hakuna aliyewashia jiko.

Mwaka 2024 aliugua saratani ya koo. Ilituuma kuona mtu wa maneno akibaki na mnong'ono tu. Hata hivyo, akiwa wodini alimtafutia mgonjwa wa kitanda cha pili ploti, naye mgonjwa huyo alipopona akajenga.

Januari mwaka huu alimwita Moffat hapa nyumbani, akataka bango la langoni.

"Niandike nini safari hii?" Moffat akauliza.

"Ile tu ya kwanza."

"Na namba ya simu?"

"Usiweke. Hapa sitaki mteja."

Alituaga tarehe 11 Februari 2025, Watiri akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane wake Watiri, watoto Wakiuru na Mugo, mama yake Mama Wakiuru, dada yake Beth, na mkwewe Mzee Mathenge, ambaye tangu juzi anawaambia waombolezaji kuwa yeye ndiye mteja wa kwanza.

Bango mmelipita mkiingia. Ben amefika kwake. Apumzike kwa amani.