Treni Iliyougua Ushauri

Bisha. Bisha tu, nimezoea. Wewe ni mmoja wa wale, mtu akikuambia mvua inanyesha unatoka nje ulowe ndipo uamini, kwa hiyo sikubembelezi. Shule niliiacha mapema, na nadhani yenyewe ilishukuru, lakini macho yangu hayajawahi kufeli mtihani. Na kwa macho haya haya nimeona watu wazima, wenye ndevu na heshima zao, wakiiua treni kwa mdomo. Hakuna aliyeigusa kwa nyundo. Mdomo tu. Ukikataa, kataa, ila usinikatishe.

Kijiwe chetu ni benchi la mbao lenye mguu mmoja wa tofali, limeegemea ukuta wa kinyozi tunayemwita Wembe. Hatua chache kando yake pana meza ya fundi simu, Chaji, tumempa jina hilo kwa kuwa akianza kuongea haishi. Kahawa analeta Babu Birika, ambaye humimina taratibu ili asipitwe na maneno. Na wa mwisho ni Mjomba, ndugu wa mama yangu tumbo moja, fundi wa kuchomelea mageti, mwenye viganja kama koleo. Sasa mtu mwenye viganja hivyo, kwa mwaka mzima, jioni kwa jioni, alikuwa akijenga reli juu ya meza ya kulia chakula. Treni ndogo, kichwa na mabehewa matatu, jumla haizidi urefu wa mkono. Milima ya boksi. Daraja alilolichomelea mwenyewe kwa vipande vya nondo nyembamba, zuri mpaka nikaacha kumcheka, na mimi si mtu wa kuacha kirahisi. Kwenye simu alijiunga na kundi la watu wa treni ndogo kama yeye. Hawajawahi kuonana, kazi yao ni kupeana ushauri tu.

Na ushauri huo ndio uliotufikisha pale Ijumaa ile jioni, Mjomba alipokuja kijiweni amebeba simu mbele yake kama kifaranga mgonjwa.

— Imegoma tena, akasema, akakaa.

— Kundi linasemaje? akauliza Chaji.

— Kundi! Mmoja kaniambia nisugue reli kwa msasa. Nikasugua. Wa pili akaja juu: nani kakwambia msasa, umeiua, paka mafuta ya cherehani. Nikapaka. Wa tatu akasema mafuta yanavuta vumbi, futa kwa spiriti. Nikafuta. Wa nne akaniuliza kwa nini nimefuta mafuta.

— Ukamjibu nini?

— Nikapaka tena.

Wembe alikuwa ndani ananyoa mteja, akatoka nje na kitana mkononi.

— Hizo nati ulizogandisha chini ya mabehewa umetoa?

— Kundi walisema treni nyepesi, niiongezee uzito.

— Na leo?

— Leo wanasema nzito.

Mimi nikaingilia. Siwezi kukaa kimya mahali penye watu.

— Mjomba, hiyo si treni tena, ni mgonjwa aliyemeza duka zima la dawa.

— Wewe nyamaza, akasema, lakini bila nguvu. Kesho ndiyo Jumamosi.

Habari ya Jumamosi wote tulikuwa nayo. Mkaza mjomba wangu ni mshonaji, hutoka kiwandani giza limeshaingia, na kwa mwaka mzima amekula sahani ikiwa magotini. Kila siku anasikia habari za treni, hajawahi kuiona ikitembea. Sasa dada zake wanakuja, naye alisema mbele yangu, kwa sauti ya upole ile mbaya: "Mume wangu, Jumamosi asubuhi izunguke mara moja, nione kwa macho yangu. Ikizunguka, meza ni yako, wageni watakaa mkekani. Isipozunguka, unifungulie hiyo reli, nipate meza yangu." Na Mjomba alikubali, kwa sababu mwanamke mwenyewe alikuwa na haki.

— Usihofu, akasema Wembe. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Treni yako haijitembezi. Maana yake ni nzima!

— Kamwambie mke wangu hivyo.

— Tatizo ni meza, akasema Chaji. Umeiweka sawa mno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inamisha meza, treni ishuke yenyewe.

— Ni duara, Chaji. Ikishuka huku itapanda kule.

— Ikifika kule unainamisha kule!

— Na wageni?

— Nao wainame.

Babu Birika alicheka mpaka kahawa ikamwagikia sahani. Mjomba hakucheka. Na hili ndilo lililokuwa likinitia wazimu: alikuwa anaandika. Kila takataka iliyotoka midomoni mwa wale watu aliipeleka kundini kwa vidole vyake vinene, halafu anasubiri.

— Wanajibu? nikauliza.

— Mmoja anasema kuinamisha ni wazo la zamani. Mwingine anasema siyo la zamani, yeye ndiye aliyelianzisha. Sasa wanagombana.

— Waache hao, akasema Wembe, akamnyooshea kitana. Mimi nanyoa vichwa, najua kitu kimoja. Nywele zina upande wake. Ukinyoa kinyume zinauma. Wewe treni yako inazunguka upande gani?

— Kulia.

— Basi! Umeizungusha kinyume cha nywele.

— Treni haina nywele, Wembe.

— Ndiyo maana hujui zinalala upande gani.

Nakwambia nilishika kichwa. Na Mjomba akaandika hilo nalo! Kundi likajibu, tena wengine walikubali. Mtu mmoja ambaye picha yake ni garimoshi lenye moshi mweusi akaleta ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya harusi, akieleza kwamba kwake zote zinazunguka kushoto na hajawahi kujuta. Akamaliza bila kusema kama zinatembea.

Chaji hakutaka kushindwa na kinyozi.

— Ni mawimbi ya simu. Unaisimamia na simu mkononi ukisoma ushauri, mawimbi yanaingia kwenye reli, treni inachanganyikiwa. Inasikia maneno ya kundi zima.

— Hiyo ndiyo ya kwanza yenye akili leo, nikasema. Hata mimi ningeyasikia yale maneno ningegoma.

— Umeona? Mpaka huyu aliyefukuzwa shule kaelewa!

— Sikufukuzwa. Niliaga.

Babu Birika akaweka birika chini. Akiweka birika chini ujue ana neno.

— Mwanangu, akamwambia Mjomba. Umejenga mlima?

— Nimejenga.

— Daraja?

— Lipo.

— Stesheni?

— Stesheni bado.

— Sasa inaenda wapi?

Babu akatutazama mmoja mmoja kama hakimu.

— Umewahi kuona treni inaondoka haina pa kufika? Aliyekosa makao hana haraka. Hiyo haijaharibika, ina majonzi.

Jamani! Mjomba akainua simu. Nikamshika mkono.

— Mjomba, nakuomba. Hilo usilipeleke.

Akalipeleka. Mkoloni aliligawa bara kwa rula. Sisi tuligawa lile kundi kwa stesheni. Nusu wakasema ndiyo, treni bila stesheni ni kituko. Nusu wakasema stesheni huja mwisho. Waliosema ndiyo wakagombana wenyewe kwa wenyewe kuhusu rangi ya bati. Mwenye garimoshi jeusi akamtukana mwenye bati la kijani, kiongozi wa kundi akamtoa mmoja, rafiki zake wakamfuata kwa hasira, na katika msiba wote huo hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu mmoja amekaa kwenye benchi lenye mguu wa tofali, kesho reli yake inafunguliwa.

— Wanauliza bati langu rangi gani, akasema Mjomba.

— Waambie huna stesheni!

— Nimewaambia. Wanasema siku nikijenga.

Sasa, kwenye kiti cha wateja cha Chaji alikuwa amekaa dada mmoja, amekuja kubadilisha kioo cha simu. Alitukuta tumeshaanza, na kwa muda wote huo hakusema neno, anatugeukia tu kama mtu anayetazama mpira. Hatimaye akakohoa.

— Samahani kaka zangu. Shikamoo, babu.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimewasikiliza. Labda mimi ndiye sijaelewa. Kabla ya msasa, kabla ya yote haya, hiyo treni ilikuwa na tatizo gani?

Wembe akaanza kupukuta nywele kwenye kitana. Chaji, ambaye haishi, aliisha. Babu Birika alianza kutafuta kikombe ambacho alikuwa amekishika. Wote tukamtazama Mjomba, na Mjomba naye akatutazama sisi, kana kwamba mmoja wetu ndiye mwenye ile treni.

— Si ilikuwa... akaanza. Ilikuwa... Chaji, hebu nipandishie huko juu.

Chaji akaichukua simu, akawa anapandisha kundi kurudi nyuma. Akapita ugomvi wa bati. Akapita nywele. Akapita nati, spiriti, mafuta, mafuta tena, msasa. Tulimwinamia wote mpaka yule dada akalazimika kusimama ili aone. Akafika juu kabisa, mahali Mjomba alipoandika kwa mara ya kwanza. Palikuwa na video. Treni ndogo inatoka nyuma ya mlima wa boksi, inapita daraja la nondo, inapiga kona, inarudi. Safi. Laini kama maji. Chini yake Mjomba ameandika: "Ndugu zangu, nimemaliza. Tazameni inavyokimbia."

Na jibu la kwanza kabisa: "Hongera. Ila reli umesugua?"

Wewe ungemjibu nini yule dada?

— Ilikuwa inatembea, akasema Mjomba.

Akasema tena, polepole, kama anamwambia mtu aliyelala:

— Jamani. Ilikuwa inatembea.

Wembe akakumbuka ana mteja ndani, wakati mteja alishaondoka kanyolewa nusu ya kichwa. Kahawa ikaisha, au Babu alisema imeisha.

Mimi nikamchukua Mjomba nikampeleka kwake. Na hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mwanamume anapoonekana. Nilimnyang'anya simu, nikaikalia. Tukabandua nati. Tukafuta mafuta, tukafuta spiriti, tukafuta mpaka kitambaa kikatoka kikavu na cheupe. Kila kilichoongezwa tukakitoa. Asubuhi mkaza mjomba akavuta kiti, akaketi, mikono mapajani. Mjomba akawasha. Treni ikatoka nyuma ya mlima, ikapita daraja, ikazunguka, ikarudi ilipoanzia. Dada zake walipofika walikaa mkekani, na reli haikufunguliwa. Nani aliiponya? Wembe? Chaji? Kundi? Taja mwenyewe.

Hivyo ndivyo ninavyoisimulia kijiweni, na kijiweni inaishia hapo. Lakini wewe umevumilia mpaka hapa bila kubisha sana, basi kuna kipande nimekiruka.

Ilitembea, sikudanganya. Ilipita daraja. Halafu ikafika kona ya dirishani, pale msasa ulipokula zaidi, ikasimama. Mjomba alikuwa ameshafumba macho tangu darajani, midomo inamcheza, sijui alikuwa anaomba au anahesabu. Mimi nikafungua mdomo. Nilikuwa na ushauri, tena mzuri. Mkaza mjomba akanitupia jicho, akaegemea mbele, akanyoosha kidole kimoja chenye makovu ya sindano, akaisukuma kidogo tu, kama unavyomsogeza mtu aliyesahau kuwa amesimama mlangoni. Ikaendelea.

— Imefika? akauliza Mjomba, macho bado kafumba.

— Imefika, akasema mkewe. Nimeiona.

Na mimi nikanyamaza. Mimi! Mpaka leo Mjomba akiwasha treni yake, mmoja wetu, mimi au mkewe, lazima utamkuta amesimama pale kwenye kona, eti anapunga upepo wa dirishani.