Kiitikio cha Ijumaa

Zimeni televisheni, na wewe Rajab ilaze hiyo simu kifudifudi, maana leo nayataka macho yenu na masikio yenu, na pumzi ninayosemea si yangu tena, ni ya kuazima. Msabaha mwanangu, kaa hapa miguuni pangu, usijitie kwenda jikoni kuchemsha maji; chai ya kumkimbia mama haiivi. Lila, mjukuu wangu, sogea kichwani, ndiwe mwenye kesi.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ya Queensbury ni ya baba yenu, na asiiuze kabla hajazoea kuingia asikute wa kumgombeza. Cherehani ni ya Lila, ijapokuwa hata kutia uzi sindanoni hajui. Mbuzi yangu ya kukunia nazi apewe Kokila wa mlango wa pili, mtoto wa Malindi ya Unguja kama mimi, kwa kuwa kila akiiazima hukaa nayo mpaka niifuate, basi safari hii akae nayo. Na sufuria yake iliyo chini ya sinki arudishiwe, asije akanidai mbele ya Mungu kwa mdomo ule. Mimi nioshwe na wanawake wa msikitini, nizikwe kama walivyozikwa wazee wangu, na mtu asiniimbie kaburini. Hayo nayajua. Ninalotaka kuwaachia sasa ndilo nisilolijua.

Nilitoka Unguja baada ya mapinduzi na baba yenu mgongoni na kanga mbili, sikuleta picha wala santuri. Nilicholeta kilikuwa kinywani. Mama yenu Zipporah naye, mkaza mwanangu, Mungu amrehemu, alikuwa Myahudi, wazee wake watu wa Adeni, na alipoingia nyumba hii nilinuna, sifichi, nikasema London nzima mwanangu hakuona mwingine? Wakaniambia kwao mtoto hufuata tumbo la mama. Nikasema kwetu hufuata baba, basi hawa watafuata nini, kamba? Mpaka leo sijapata jibu, na nyie mmekuwa wakubwa bila ya mimi kulipata.

Lakini kila Ijumaa jua likikaribia kuzama, aliwasha mishumaa yake pale mezani akaimba wimbo wa mama yake, akipiga meza kwa kiganja, mimi niko jikoni na mwiko. Na sauti ile, wallahi, haikunikaa kigeni, ilipanda na kushuka kama za kwetu, na palipokuja pengo, mdomo wangu ukaitikia wenyewe. Alipokufa, Msabaha, uliifungia mishumaa kabatini ukafunga na kinywa. "Mama, huo usiuimbe tena humu." Nikanyamaza, kidonda kilikuwa kibichi, lakini kidonda gani hiki kinakaa kibichi mpaka watoto wanaota ndevu?

Ndipo akatokea huyo Leonard, mwalimu wa kwaya yenu ya vijana kule sinagogi la Stanmore, akawaambia kila mmoja alete wimbo kutoka jikoni kwao, wa wazee, si wa kitabuni, kwa kuwa vijana wao mahubiri hayawaingii ila wimbo huwaingia. Wenzenu wakaenda kwa bibi zao wa Kiyahudi. Nyie mkaja kwangu, kwenye msala wa kuswalia. Rajab akanitia simu puani: "Bibi, ule wa Mama, unaukumbuka?" Nikauimba wote, maneno nisiyoyajua, kama kasuku, mtumi wa kunga haambiwi maana. Kwaya nzima ikaushika, na vijana waliokuwa hawakanyagi pale hata kwa kuburutwa wakaanza kuja.

Nami nikavimba kichwa, mpaka siku mliyouimba hapa sebuleni, Kokila kaja kuazima mbuzi. Akasikiliza, akaangua kicheko. "We Mama Msabaha, hapo kati mbona harusi ya Malindi hiyo? Si ndivyo tulivyokuwa tukiitikia bibi harusi akitolewa ndani?" Kweli ndivyo. Kiitikio kile ni cha wanawake wa mtaani kwetu, na vijana wa Kiyahudi wanakiimba Stanmore kama kimetoka Adeni.

Lila ukalia. Ukaniuliza kwa Kiingereza chako, nami nikaelewa kila neno: kipi cha Mama na kipi chako, Bibi? Ukataka kukikata, umbakishe mama yako peke yake. Una haki, nazi mbovu harabu ya nzima. Nimejaribu kukitoa, mjukuu wangu, na nikikitoa wimbo wote unaniporomoka. Labda pale palikuwa na maneno yake nikayafukia. Labda palikuwa patupu. Maana nakumbuka, au nadhani nakumbuka, kwamba siku za mwisho akifika pale alikuwa ananyamaza, anageuza shingo huku jikoni, anangoja. Siku moja nimemnunia, sikuitika, akaita, "Mama, pahala pako hapo!" Alisema hivyo kweli, au ni dawa za nesi zinanisemesha? Sijui. Nageuza huku, nageuza kule, sijui.

Anayejua ni mmoja, naye kakaa miguuni pangu. Msabaha, wewe ulikuwa mezani. Kuku havunji yai lake, lakini wewe umelilalia mpaka linataka kuoza.

Basi wosia wangu ni huu. Leo Ijumaa, na giza la mji huu halina adabu, halingoji mtu amalize kusema. Lila, mishumaa iko nyuma ya vikombe vya harusi, iwashe. Rajab, piga ubao wa kitanda, taratibu. Msabaha, imba. Imba unavyomkumbuka yeye, si mimi. Ukifika pale, kama kuna maneno yake, yatoke, Lila ayashike na changu kitupwe, sitagomba. Kama hakuna... haya, tutaona.

Radhi yangu mnayo, nyote watatu. Mungu awafungulie. Fuateni mnachofuata, ila msifuate kimya.

Anza, baba. Usinitazame... Ndiyo. Juu kidogo... ndiyo, hivyo, alikuwa akivuta hivyo... Hapo. Mbona umenyamaza? Mbona umegeuza shingo... unanitazama... unangoja nini...

Aa.

Naitika, ngoja... naitika... Haiji. Lila... pahala pangu hapo. Shika.